Mbwa unawaelewa, watu huwaelewi?

Jumamosi usiku, mwezi wa sita, Mbeya ile mnayoijua ya mwezi wa sita. Jiko la mkaa liko karibu na mlango, mlango tumeuacha wazi kidogo tusije tukafa na moshi, na baridi nayo inapita hapo hapo. Shangazi yangu kakaa kwenye kochi kajifunika blanketi mpaka kidevuni, miwani mipya usoni, mi niko pembeni namtafsiria muvi ya mbwa wanaoongea, Isle of Dogs. Kila mbwa akisema kitu nakigeuza Kiswahili. Huyu anasema tupige kura. Huyu anasema nakubali. Huyu mweusi anasema yeye ni mbwa wa mtaani na anang'ata. Mambo yanaenda vizuri kabisa.

Mara ikaanguka ndege ndogo kisiwani, akatoka mtoto wa miaka 12, kipande cha chuma kimemchoma kichwani, akasimama mbele ya wale mbwa akaanza kuongea.

Nikanyamaza.

Shangazi akasubiri, akanigeukia. "Endelea basi."

"Hapa sielewi Shangazi, anaongea Kijapani."

"Hawajaandika huko chini?"

"Hawajaandika. Wamefanya makusudi."

Akaangalia skrini, akaniangalia mimi, akasema taratibu kama mtu anayehesabu chenji ya kondakta:

"Kwa hiyo mbwa unawaelewa, watu huwaelewi?"

Nikacheka. Mdogo wangu akacheka mpaka akamwaga chai. Yeye hakucheka.

Hii ni wiki ya saba hilo swali linanifuata, nikiwa kwenye bajaji lipo, nikiosha vyombo lipo, ndo nimeona niliandike tu hapa labda litatulia.

Miwani mipya

Nirudi nyuma kidogo. Shangazi alitoka Iringa kuja kwangu kwa sababu ya macho. Siku tatu za foleni, siku ya nne akapata miwani, na kuanzia hapo nyumba yangu haikuwa na siri tena. Aliona utando wa buibui darini, aliona doa kwenye pazia ambalo nimeishi nalo miaka miwili bila kujua, aliona kwamba sahani zangu huwa sizisuuzi vizuri. Nikaona kabla hajafika chini ya kitanda bora nimtafutie kitu kingine cha kuangalia. Nikachomeka flashi kwenye TV, nikaweka Fantastic Mr. Fox, ya Wes Anderson, ya 2009.

Mbweha aliyemwahidi mkewe kuwa ataacha wizi wa kuku, haachi, wakulima watatu wanakuja kumchimba na matrekta. Ndo hadithi yenyewe. Imetoka kwenye kitabu cha Roald Dahl, ambaye kwa taarifa yenu aliwahi kuishi Dar mwishoni mwa miaka ya 1930 akifanya kazi kampuni ya mafuta ya Shell, kwa hiyo ni mtu wetu kwa mbali. Na kila unachokiona mle ndani ni midoli. Sio kompyuta. Mdoli halisi uko mezani, fundi anausogeza kidogo, anapiga picha, anausogeza tena, anapiga.

Shangazi aliangalia kama dakika kumi bila neno. Halafu akauliza:

"Mbona manyoya yake yanacheza? Kuna upepo huko?"

Kwa mtu wa Iringa hilo ni swali la kawaida kabisa, kule upepo ni kama ndugu wa ukoo. Ila mbweha alikuwa ndani, kakaa zake mezani. Upepo haupo. Manyoya ya shavuni yalikuwa yanatetemeka yenyewe, yanalala huku, yanainuka, yanalala kule, kama majani ambayo kuna kitu kinapita chini yake.

Ni vidole, Shangazi. Vidole vya watu.

Nikamwelezea. Ile midoli imevalishwa manyoya ya kweli, na kati ya picha na picha kuna mtu anaushika mdoli, akiushika manyoya yanalala upande mmoja, akiushika tena yanalala upande mwingine, picha zikikimbizwa haraka unaona kama yanachemka. Mafundi wa hii kazi wengi wanaikwepa hiyo hali, inaonekana ni uchafu wa kazi. King Kong wa 1933 alikuwa nayo, lile sokwe manyoya yanacheza mwili mzima. Huyu bwana yeye aliitaka hivyo hivyo. Na tena sekunde moja ya filamu ina picha 24 lakini midoli yake anaisogeza mara 12 tu, kila pozi linapigwa mara mbili, ndo maana wanatembea kama wana kwikwi. Muvi ni dakika 87. Piga hesabu mwenyewe, ni pozi kama elfu sitini, na kwenye kila moja kuna mtu kagusa.

Shangazi akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akavaa tena.

"Kwa hiyo tunaangalia walipogusa."

Maneno manne. Mi nimesoma vitu vingi kuhusu huyu dairekta, vingine virefu kuliko hii makala, na sijakutana na aliyenisaidia kuliko hayo manne.

Picha ya pasipoti

Mdogo wangu hampendi kabisa huyu jamaa, na siwezi kusema hajui anachoongea. Anaediti video za harusi na kipaimara, ana kijistudio chake cha picha mjini, siku nzima kazi yake ni kuangalia sura za watu. Malalamiko yake nayajua kwa moyo. Kwamba kila kitu kinawekwa katikati kama picha ya pasipoti. Kwamba watu wanaongea kama wanasoma risiti ya Luku. Kwamba mtu anakaribia kufa, anaachana na mke, anamkana mwanae, na sauti haipandi hata nusu.

"Kwa midoli ndo amefika nyumbani," aliniambia usiku ule. "Siku zote alikuwa anataka waigizaji wasiotikisika. Sasa kawapata. Mdoli haukubishii."

Imekaa vizuri, nakubali, nilikaa nayo kimya kama dakika nzima.

Nikamjibu kwamba hizo sauti hata hazikurekodiwa studio, George Clooney na wenzake walipelekwa shambani, wakaenda porini, wakaingia mabandani, wakaenda chini ya ardhi, ndo maana ukisikiliza kuna hewa, kuna umbali. Na kwamba kwa watu halisi hiyo baridi yake hata mimi wakati mwingine inanichosha, muvi zake nyingine nimelala katikati, ila kwa midoli inageuka. Uso hausemi kitu lakini manyoya yanahangaika. Mzee Mbweha anaongea kwa kujiamini, suti ya kodrai imemkaa, na huku ngozi yake nzima inatetemeka kama ya mwizi. Ambavyo ndivyo alivyo. Mwigizaji gani wa kawaida angekupa hivyo vitu viwili kwa pamoja bila kukenua?

Akasema hiyo naitafuta mimi, haipo.

Tukabishana mpaka kwenye ile sini ya mbwa mwitu. Walioiona wanaijua. Mbweha na wenzake wako kwenye pikipiki yenye kikapu cha pembeni, wanarudi, theluji, na kule mlimani kasimama mbwa mwitu mweusi. Hana nguo. Mbweha na wenzake wanavaa nguo na wanasimama kwa miguu miwili, huyu yuko kwa minne na yuko kama alivyoumbwa. Mbweha muvi nzima anasema anawaogopa hao. Anasimamisha pikipiki, anamsemesha kwa Kiingereza. Kimya. Anajaribu Kilatini. Kimya. Anamuuliza kwa Kifaransa kama kipupwe kitakuwa kikali. Kimya. Machozi yanamlenga, ananyanyua ngumi juu, na kule mbali yule naye ananyanyua yake, halafu anageuka anaingia msituni.

Dogo akasema ni sini ya kuringa, haina kazi yoyote kwenye hadithi, ukiikata hakuna atakayeiulizia.

Sikuwa na cha kutafsiri hapo na Shangazi hakuniambia niendelee.

Barua pepe kutoka Paris

Kesho yake asubuhi, niko nakaanga mihogo, Dogo kaja jikoni na simu yake mkononi, sura ya mtu aliyekuta kadi nyekundu mfukoni.

"Kaka, huo mkono unaousifia sio wa kwake."

Kumbe wakati mafundi wako London kwenye studio za 3 Mills wanasogeza midoli, dairekta mwenyewe muda mrefu alikuwa Paris. Maelekezo yanaenda kwa barua pepe. Anajirekodi akiigiza jinsi mbweha anavyotakiwa kugeuka, anatuma. Na mwaka huo huo wa 2009 baadhi ya waliofanya kazi hiyo walilalamika hadharani, ikaandikwa mpaka kwenye Los Angeles Times.

Hiyo ilinipiga. Mi nimeshajenga nyumba yangu nzima juu ya vidole, halafu naambiwa vidole ni vya watu wengine ambao majina yao sijui hata moja, na mwenye jina yuko mji mwingine anakunywa kahawa. (Ya kahawa nimeongeza mwenyewe, ila mnanielewa.)

Nikampelekea Shangazi, nikijua atakuwa upande wangu, maana yeye anasuka. Vikapu vya milulu, vile ambavyo ukipita barabarani Iringa unaviona vimening'inizwa, wageni wanasimamisha magari. Nikamwambia Shangazi, mtu yuko mbali, anatuma picha ya anachotaka, nyie mnasuka, jina linakuwa lake, hiyo ni haki?

Alikuwa na kikapu mapajani, nusu. Akaniambia hiyo ndo kazi wanayofanya siku hizi. Anakuja dada kutoka Dar na mchoro kwenye simu, mistari hii ikae hivi, rangi hii ipande hapa, mnakaa wanawake kumi mnasuka, vinaenda huko vinapoenda.

"Na jina?"

"La kwake."

"Na inakuuma?"

Akafikiria. "Mchoro ukiwa mbovu mkono wangu utausaidia nini?"

Halafu akanionyesha kitu ambacho nimekaa na vikapu nyumbani tangu mtoto na sijawahi kukiona. Akageuza kikapu chake, akanionyesha jinsi msuko unavyokaza karibu na kitako, halafu vidole vinne juu unalegea kidogo, halafu unakaza tena. Akasema yeye akichoka analegeza, akijishtukia anakaza. Dada yake aliyemfuata yeye anakaza mwanzo mwisho mpaka kikapu kinapinda mdomo. Mwingine pale kijijini anavuta kushoto. Akikuta kikapu sokoni anajua kimetoka nyumba gani, haijalishi mchoro ni wa nani.

Kwa hiyo wote wawili wamo mle ndani, mwenye mchoro na mwenye mkono, na mi nilikuwa nimempa mmoja sifa za mwenzake. Dogo akasema ndo nilichokuwa nakwambia. Sio alichokuwa ananiambia, ila nikamwachia.

Mhehe na muvi ya mbwa

Sasa hiyo Jumamosi.

Isle of Dogs ni ya 2018, dairekta huyo huyo, midoli tena, safari hii kama elfu moja hivi. Mji wa Megasaki huko Japani, miaka 20 mbele, mbwa wameugua mafua, meya mpenda paka anawafukuza wote wakatupwe kisiwa cha takataka. Mtoto anaenda kumtafuta mbwa wake. Ndo hiyo tu.

Mi ni Mhehe.

Najua mmeshaanza kucheka, malizeni kwanza tuendelee.

Jirani yangu ni Mngoni wa Songea, mtani wangu wa damu. Aliposikia kuna muvi ya mbwa kwa Mhehe alikuja bila kuitwa, na sahani mkononi, eti amesikia kuna mboga. Akamsalimia Shangazi "kamwene" kwa adabu zote, akainama, halafu kabla hajakaa akauliza mbona mbwa wengi hivyo na sufuria hajaiona. Shangazi akamwambia akae mbali na ghala la mahindi, panya wakimwona watajua ndugu yao ameolewa huku. Ndo tukaanza kuangalia.

Mwanzoni kabisa muvi yenyewe inakutangazia masharti: watu humu wataongea lugha yao, mara moja moja atatokea mkalimani, ila kubweka kwa mbwa kumegeuzwa Kiingereza. Hilo nilimtafsiria Shangazi lakini kama mnavyojua masharti mtu huyasikii mpaka yamekubana.

Baada ya lile swali lake niliendelea kutafsiri ila nilikuwa nimeharibikiwa. Kila mtoto akiongea nanyamaza, kila nikinyamaza najisikia kunyamaza. Kuna mahali mbwa mmoja mwenyewe anasema natamani mtu angejua lugha yake huyu mtoto, nikalitafsiri hilo nalo, Shangazi akasema "na yeye?"

Alipokuwa anaenda kulala ndo akasema la mwisho, amesimama mlangoni, bila hasira. Kwamba pale alipoenda kupima macho ilikuwa hivi hivi. Waganga wawili wanaongea Kiingereza juu ya kichwa chake, mmoja ameshika taa, mwingine anaandika, wanaelewana vizuri kabisa, na yeye yuko katikati ndo mwenye macho.

"Nilikuwa naangalia midomo yao tu," akasema. "Kama huyu mtoto wako wa ndege."

Waliobishana kabla yetu

Hii hoja sio mpya, watu waliivutana tangu muvi inatoka. Tamasha la filamu la Berlin mwaka huo huo walimpa Anderson tuzo ya dairekta bora, Dubu wa Fedha. Halafu ilipofika Marekani wahakiki wengine, wakiwemo wenye asili ya Asia, wakasema hapana, umechukua Japani ukaifanya pambo, ngoma zake, sushi yake, mieleka yake, halafu wenye nchi umewaziba midomo. Na kibaya zaidi kuna yule binti wa kizungu, mwanafunzi kutoka Ohio, nywele zake zile za njano, yeye ndo anashtukia uongo wa serikali na ndo anaongoza wanafunzi wa Kijapani kuandamana. Wenye nchi hawajaona mpaka mgeni amewaonyesha.

Wanaomtetea wanasema hujaelewa, hiyo ndo hesabu yenyewe: uwe mbwa. Mbwa wako hakuelewi maneno, anakusoma sauti na mikono. Na kwamba Kijapani cha mle kimesimamiwa na Mjapani, Kunichi Nomura, ambaye ni mmoja wa waliotunga hadithi na ndo sauti ya meya mwenyewe, na Mjapani akiangalia anapata vichekesho vya ziada ambavyo sisi vinatupita.

Mi siku zote nilikuwa na hawa wa pili. Nilikuwa na hoja nzuri tu, tena ya kwetu. Wengi tumekulia vibanda vya video, shilingi hamsini, benchi la mbao, tumeangalia za Kihindi na za Kichina bila kujua neno na tukalia palipotakiwa kulia. Nani alituandikia huko chini? Kutoelewa lugha hakujawahi kutuzuia muvi. Tulivyopata za Lufufu, yule aliyekuwa anazitafsiri muvi kwa Kiswahili, ndo ikawa raha juu ya raha, ila hata kabla ya hapo tulikuwa tunaangalia.

Hoja yangu ilikuwa na tundu na sikuliona, Shangazi ndo kaingiza kidole.

Kibandani wote tulikuwa hatuelewi. Wote sawa. Hakuna aliyekaa na upande unaozungumza. Humu kuna upande umeshawekewa tafsiri na upande haujawekewa, na mwenye kupewa tafsiri ni yule anayejua Kiingereza. Ambaye ni mimi. Mi nilikaa darasani miaka mingi nikachapwa kwa sababu ya Kiingereza hicho, nikakipata, na siku moja nimekaa na shangazi yangu kwenye kochi nagundua kwamba ile tiketi niliyochapiwa inaniingiza upande wa mbwa. Nilitengewa kiti. Yeye hakutengewa. Kwake mbwa na mtoto wote walikuwa wanaongea lugha za watu, tofauti aliiona usoni kwangu tu, mimi mkalimani, nilipokuwa nachangamka na nilipokuwa nazima.

Dogo akasema ungetunga tu. Lufufu angekaa kimya pale? Angempa yule mtoto jina, angesema ametokea Mwanjelwa, amemfuata mbwa wake aliyeibiwa na diwani.

Sina hakika kama alikuwa anatania, na kila nikirudia naona alikuwa na pointi kubwa kuliko zangu zote.

Mtani ni nani

Kilichonichukua wiki nyingi ni hapa.

Kwa sababu mtu angeniuliza mbona Mngoni anakuita mla mbwa ndani ya nyumba yako, mbele ya shangazi yako, na unamwongezea chai? Si ni picha ya uongo hiyo imechorwa na mgeni kuhusu kabila lako?

Ndiyo. Ila na mimi namrudishia ya panya, pale pale, haijapoa. Na babu zetu walipigana kweli, karne ya 19, sio vita vya hadithi, utani umeota juu ya makaburi hayo. Na nilipofiwa na baba huyu Mngoni ndo alikuwa wa kwanza kuingia, akachukua koti la marehemu akalivaa, akatembea uani kama baba alivyokuwa anatembea, bega moja limeshuka, anakohoa kwa kujidai, akatudai hela ya chai la sivyo maiti haitoki. Mama alicheka. Siku tatu hakuwa amefungua mdomo na alicheka. Halafu huyo huyo ndo aliyeshika jembe.

Sasa najiuliza, Wes Anderson ni mtani wa Wajapani?

Kuna siku naona ni mtani. Kurosawa alimchukua Shakespeare akamvalisha usamurai, mwaka 1957 kwa Macbeth, akarudia 1985 kwa King Lear, hakuomba ruhusa Uingereza na hakuna aliyemdai. Japani ina studio zake, ina katuni zinazoangaliwa dunia nzima, wakiamua kesho kutengeneza muvi ya midoli kuhusu Houston, alikozaliwa huyu bwana, watu wote wa Texas wabweke na farasi waongee Kijapani safi, wanaweza. Wana panya wa kurudisha. Ndo maana naona wengine huko Japani kwenyewe waliiangalia wakacheka tu.

Siku nyingine naona wale wa Marekani wenye asili ya Asia waliolalamika hawana studio ya Kurosawa. Wao wako darasani na wale watoto wanaowaigizia lafudhi. Kwao hakuna wa kurudishiwa.

Dogo, katika kuninyoosha, akatunga yake. Muvi inaitwa sijui Kisiwa cha Nini, imepigwa Mbeya, mlima Loleza nyuma umekaa katikati kabisa kama pasipoti, watu wote wanaongea Kinyakyusa hakuna tafsiri, ndizi kila meza, ngoma zinapigwa hata mtu akienda chooni, na kuna binti wa Ohio anayejitolea shule moja hapa, yeye ndo anawaongoza watu wa Kabwe kuandamana. Mbwa wanaongea Kiingereza.

Nilicheka sana. Nikasema ningeiangalia. Kweli ningeiangalia, na kama manyoya yangekuwa yanacheza ningeiangalia mara mbili, na ndo hapo naposhindwa kujielewa, kwa sababu wakati nacheka kuna kitu tumboni kilikuwa kinakataa, hasa kwenye yule binti.

Mngoni yeye akasema hana tatizo na muvi hiyo ila yule mtoto wa ndege achezwe na Mhehe, maana ndo atakuwa na sababu ya kweli ya kuwatafuta mbwa.

Kwa hiyo Fantastic Mr. Fox naipenda vile vile, hiyo hata Dogo akiniletea barua pepe nyingine mia. Isle of Dogs nimeirudia peke yangu mara mbili tangu Shangazi aondoke. Mara ya kwanza nilizima mahali mtoto anamwogesha yule mbwa mweusi na uchafu unatoka kumbe mbwa ni mweupe, sini nzuri sana ile, mikono midogo na povu, na sikutaka kuendelea baada ya hapo. Mara ya pili nilizima sauti kabisa. Mbwa hawasemi, watu hawasemi, wote sawa kama kibandani. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Panya

Shangazi nilimsindikiza stendi ya Nanenane asubuhi na mapema, kikapu kimekamilika, kaniachia mimi. Nimekiweka juu ya TV. Vidole vinne kutoka kitako msuko umelegea, halafu kuna sehemu ya pili juu zaidi ambayo hakunionyesha, imelegea zaidi ya ile ya kwanza, na nikihesabu mistari naona ni usiku ule wa muvi ya mbwa.

Mngoni naye aliniazima flashi. Alisikia kwenye ile ya mbweha kuna panya, akasema lazima aone ndugu zake wamechezwaje. Yupo kweli, ni mlinzi wa pombe ya tofaa ya yule mkulima mkali, kavaa sweta la mistari, anatembea kama mcheza dansi, ana kisu. Nilijua atarudi na maneno ya kunimaliza wiki nzima.

Amekaa nayo siku nne. Jana jioni nimemkuta nje anachota maji bombani, hakunitania. Akaniuliza kuhusu mwisho wa yule panya, pale anapokufa chini mtaroni. Mbweha anamuuliza miaka yote hii ulikuwa unatafuta nini, naye anasema ile pombe ya tofaa. Mbweha anachota maji machafu ya mtaro anamnywesha, anamwambia ndo hiyo, panya anakunywa, anasema kama dhahabu iliyoyeyushwa, anakata roho.

"Hivi alijua ni maji ya mtaro?" akaniuliza.

Ndoo yake ikajaa, ikaanza kumwagika, wote tukawa tunaiangalia.

Flashi hajarudisha.